Ronnie Barker: mchekeshaji aliyeficha jina lake ili maandishi yake yapimwe kwa haki (uzi mrefu)

#1 Mpini wa Jembe

Wakuu, habari za jioni.

Mimi naendesha duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, huu mwaka wa 11. Kuna mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani aliyesoma Uingereza miaka ya 70, ambaye jioni huja kukaa kwenye benchi langu tunapiga soga. Siku moja akaingia kijana, akasema, "Kaka, nipe mpira." Nikavuta mpira wa maji nimwoneshe. "Siyo huo, mpira." Nikamletea ule wa tyubu wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. "Hapana kaka, mpira!" Kumbe alikuwa anataka kile kipira kidogo cha mviringo kinachokaa ndani ya koki.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kijana alipoondoka akaniomba simu, akatafuta video ya zamani, akaniambia, "Tazama. Hiki kilichotokea dukani kwako kuna mtu alikiandika mwaka 1976."

Mtu huyo ni Ronnie Barker. Nimekaa na habari zake karibu miaka miwili, nimetazama nilichoweza kukipata, nimesoma, nimemuuliza mzee maswali mpaka akachoka. Leo naziweka hapa kwa sababu ndani ya maisha yake kuna jambo ambalo natamani sana waandishi na waigizaji wetu walisikie. Nitaandika kwa vipande, wateja bado wanaingia.

#2 Mpini wa Jembe

Jina kamili ni Ronald William George Barker. Alizaliwa Bedford tarehe 25 Septemba 1929, akakulia Oxford. Baba yake alikuwa karani wa kampuni ya mafuta ya Shell. Ronnie alianza kusomea usanifu majengo, akajipima, akaona mkono wake haufiki kiwango, akaacha. Akapata ukarani benki. Mchana anahesabu pesa za watu, jioni anaigiza na kikundi cha watu wasiolipwa.

Mwaka 1948 aliaga benki akajiunga na kikundi cha maigizo mjini Aylesbury. Hapa nataka tukae kidogo, maana vikundi vya namna ile ndivyo vilivyompika. Usiku mnaonyesha tamthilia moja, mchana mnafanya mazoezi ya ile ya wiki ijayo, na kichwani bado mmebeba maneno ya ile iliyopita. Wiki hii wewe ni babu wa miaka 70, wiki ijayo ni polisi, nyingine ni mtumishi wa ndani mwenye mistari minne tu. Kijana wa miaka 19 akipita kwenye kinu hicho miaka kadhaa, hatoki vilevile. Kila sauti aliyokuja kuitumia baadaye, kila mwendo wa kutembea, mizizi yake iko huko. Huko pia ndiko alikosikia ukumbi ukimcheka kwa mara ya kwanza, alipoigiza dereva wa tajiri, akajua hapohapo kwamba anachotaka maishani ni kuchekesha watu.

Haikuwa mteremko. Kikundi kimoja cha maigizo ya bila maneno kilifilisika wakiwa Penzance, ncha kabisa ya kusini magharibi ya Uingereza, akarudi Oxford sehemu kubwa kwa miguu. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Akafanya kazi ya kusukuma vitanda hospitalini, wakati polio ilipokuwa bado inalaza watu. Kisha akarudi jukwaani, na mwaka 1955 mwongozaji Peter Hall akamchukua kwenda London. Mwaka 1957 alimwoa Joy Tubb, wakakaa pamoja mpaka kifo, watoto watatu.

Kuanzia 1959 sauti yake ilisikika kwenye redio ya BBC katika The Navy Lark, vichekesho vya wanamaji. Kisha ikaja 1966.

#3 Kasuku wa Mji wa Kale

Shukran sana kaka kwa uzi huu. Huku Mombasa tulilelewa na Mind Your Language na Mr Bean, lakini huyu Barker sikuwahi kumsikia. Endelea, nimekaa kitako.

#4 Mpini wa Jembe

Karibu kaka Kasuku.

Mwaka 1966 BBC ilianzisha kipindi kiitwacho The Frost Report, kikiongozwa na David Frost. Ndani yake kuna kichekesho kimoja kifupi kilichoandikwa na Marty Feldman na John Law, ambacho Waingereza wanakirudia mpaka leo. Wanaume watatu wamesimama kwenye mstari. John Cleese, mrefu kama mnazi, ni tabaka la juu. Ronnie Barker, wa kimo cha kati, ni tabaka la kati. Ronnie Corbett, mfupi sana, ni mtu wa chini. Kila mmoja anaeleza anamtazamaje mwenzake, na shingo zao zinafanya kazi yote: huyu anatazama chini, yule anatazama juu, na wa katikati anageuza kichwa juu na chini. Mfupi anasema tu kwamba anajua mahali pake. Hotuba ya saa nzima kuhusu matabaka ya Uingereza isingesema zaidi ya shingo zile tatu.

Baada ya hapo Frost akaanza kipindi kingine kwenye televisheni ya biashara mwaka 1968, Frost on Sunday, akawachukua Barker na Corbett. Na hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike uzi huu.

Wakala wa Barker alileta ofisini vichekesho vilivyoandikwa na mtu anayeitwa Gerald Wiley. Hakuna aliyewahi kumwona. Vikasomwa, vikapendwa, vikarekodiwa. Vikaja vingine. Watu wakaanza kuulizana: huyu Wiley ni nani? Wengine walisema ni Tom Stoppard, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa anawika. Wengine wakamtaja Frank Muir, mwandishi wa vichekesho. Kila anayeandika vizuri alishukiwa.

Ronnie Corbett alikipenda mno kichekesho kimoja cha Wiley, cha mtu anayejaribu kuanzisha mazungumzo katika chumba cha kusubiria daktari, mahali ambapo kila mgonjwa amenuna kimya. Akataka kukinunua akitumie kwenye maonyesho yake. Jibu likaja: pauni 3,000. Hela nyingi sana kwa wakati ule. Corbett akasema hawezi. Baadaye Wiley akampa bure. Corbett akashukuru kwa kumtumia zawadi ya glasi za kioo zilizochongwa herufi G na W.

Siku moja Wiley akawaalika wote chakula katika mgahawa wa Kichina karibu na studio, ili hatimaye wamfahamu. Wakakaa, wakasubiri. Kila mlango ukifunguka shingo zinageuka. Ronnie Barker akasimama akasema Gerald Wiley ni yeye. Wengine hawakuamini, wakadhani anatania kama kawaida yake.

Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Yeye alikuwa nyota wa kipindi. Angepeleka mswada wenye jina lake, nani angethubutu kumwambia haufai? Wangeurekodi hata kama ni mbovu. Alitaka msomaji akicheka acheke kwa sababu ya maneno yaliyo kwenye karatasi, na asipocheka auweke pembeni bila kuona aibu. Akakubali kukosa sifa ili apate ukweli.

Wakuu, niliposoma habari hiyo nilifunga duka mapema.

#5 Kalamu ya Kinondoni

Mkuu Mpini, umenigusa pabaya. Mimi ni mwandishi wa miswada ya tamthilia za redio na video. Nimepeleka kazi mahali fulani, ikarudishwa bila hata kufunguliwa, bahasha ilivyokwenda ndivyo ilivyorudi, kwa sababu jina langu halijulikani. Miezi michache baadaye nikaona kazi dhaifu ya mtu mwenye jina imepita. Nilikuwa nafikiri tatizo la jina ni la sisi wadogo tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mkubwa naye jina linaweza kumdanganya.

#6 Mpini wa Jembe

Kalamu, pole sana ndugu yangu. Ulichosema ndicho hasa. Aliye chini jina linamfungia mlango, aliye juu linamfungulia hata pale alipostahili kufungiwa, na wote wawili wanakosa kujua thamani halisi ya kazi yao. Endelea kuandika. Na kama unaweza, wape watu wawili unaowaamini wasome mswada wako bila kujua ni wa nani.

Sasa twende kwenye kilele.

Mwanzoni mwa miaka ya 70, katika hafla ya tuzo London, mitambo iligoma. Barker na Corbett walikuwa jukwaani, wakalazimika kujaza muda karibu dakika 8 kwa vichekesho vya papo kwa papo. Ukumbini walikuwepo wakubwa wa BBC, akiwemo Bill Cotton. Walivyowaona wale wawili, mnene na mfupi, wakipokezana maneno kama watoto wa mama mmoja, wakawapa kipindi. Kikaitwa The Two Ronnies, kikaanza 1971 na kwenda mpaka 1987, misimu 12. Kilianza na kumalizika kwa taarifa ya habari ya uongo, wawili hao wamekaa mezani, na kila mara mmoja aliwaaga watazamaji kwa niaba yake, na mwenzake akaaga kwa niaba ya yule wa kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalijui: katikati ya kipindi Corbett alikuwa na muda wake wa kukaa kwenye kiti kikubwa na kusimulia kisa kirefu kinachopotea njia na kurudi. Barker hakuwahi kutaka kukaa kwenye kiti kile. Hakupenda kusimama mbele za watu akiwa yeye mwenyewe. Mpe kofia, mpe lafudhi, mpe masharubu, atafanya lolote. Mvue vitu hivyo, anasinyaa. Kwa hiyo zamu yake alijigeuza msemaji wa serikali, au mwenyekiti wa chama cha watu wasioweza kutamka maneno vizuri, anasoma hotuba ndefu ambayo kila neno la pili limeteleza likawa neno lingine. Hotuba zile aliziandika mwenyewe. Ukizisikiliza mara ya tatu unagundua kwamba hakuna kosa hata moja lililotokea kwa bahati. Kila silabi imepimwa.

Na sasa kichekesho cha dukani, cha mwaka 1976.

Duka la vifaa, la zamani, droo mpaka darini. Corbett ndiye mwenye duka, amevaa koti la kazi. Barker anaingia, fundi fulani hivi, kofia kichwani, orodha mkononi. Anataja kitu cha kwanza. Kwa lafudhi yake ile ya mtaani, mwenye duka anasikia "four candles", mishumaa minne. Anakwenda, anahesabu mishumaa minne, anaiweka kaunta. Mteja anaitazama mishumaa, anatazama mwenye duka. Alichosema ni "fork handles", mipini ya uma wa kulimia. Kwa Kiingereza cha mtu asiyetamka H, maneno hayo mawili hayana tofauti masikioni.

Kisha anataka kitu kingine. Mwenye duka anamletea jembe. Siyo. Anamletea mpira wa maji. Siyo. Anamletea soksi ndefu za kike. Siyo. Kumbe mteja anataka herufi O za kubandika kwenye geti la nyumba. Basi mwenye duka anarudi na ngazi, anapanda, anashusha sanduku zima la herufi. Mteja anachukua zake mbili. Sanduku linarudishwa juu, ngazi inaondolewa, na hapohapo mteja anataka kitu kingine, ambacho mwenye duka anakisikia kuwa herufi P. Sanduku lilelile. Ngazi ileile. Kumbe safari hii mteja anataka makopo ya njegere, ambazo kwa Kiingereza ni "peas".

Mimi napanda ngazi dukani kila siku. Mtu akiniomba bawaba, nikazishusha, nikazirudisha, kisha akasema "na komeo", ambazo ziko kwenye boksi hilohilo, najua kifua kinavyokuwa. Corbett analalamika kwa nini hakuambiwa akiwa bado juu. Yule aliyeandika alijua kwamba hasira ya muuza duka haianzii kwenye maneno, inaanzia kwenye safari ya pili ya ngazi.

Mswada wake wa mkono uliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa pauni 48,500. Na wazo lenyewe lilitoka kwa wenye duka wa kweli huko Hayes, pembezoni mwa London, waliomwandikia kumweleza vituko vya wateja wao. Kwenye orodha ya waandishi, kichekesho hicho kina jina la Gerald Wiley. Miaka kadhaa baada ya siri kufichuka, bado aliendelea kumwacha Wiley aandike.

#7 Mzee Kingalu

Vijana, nimesoma. Swali langu ni moja. Mchezo wa maneno ukiuhamisha kwenye lugha nyingine hufa. Sasa vijana wetu watajifunza nini kwa mtu aliyechezea Kiingereza?

#8 Mpini wa Jembe

Shikamoo mzee. Swali zito.

Maneno yanakufa, kweli. Ninachoona kinavuka ni sikio. Barker alisikiliza watu wanavyoongea dukani, akagundua mahali neno linapojikwaa. Kwetu mahali hapo ni pengi kuliko kwao. Mteja anaomba "mbuzi" na mgeni asiyejua anashangaa mbuzi anauzwaje dukani, kumbe ni ya kukunia nazi. Nondo ni chuma cha zege, nondo ni mdudu anayezunguka taa. Mafundi wote wanasema msumari wa "nchi nne", siku moja mtoto wa darasa la tatu aliyefuatana na baba yake akaniuliza kwa dhati, "Nchi zipi?" Paa ni la nyumba, paa ni mnyama, na paa ni kuruka juu. Yote haya yapo hewani, yanasubiri mtu mwenye subira ya kuyaokota na kuyapanga kama yule bwana alivyopanga ngazi na sanduku.

#9 Mzee Kingalu

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Endelea.

#10 Mpini wa Jembe

Mwaka 1973 BBC ilimpa Barker maonyesho saba ya majaribio, kila moja hadithi tofauti na yeye mhusika mkuu tofauti. Mawili yakaota yakawa tamthilia ndefu za BBC, na kila moja peke yake ingetosha kumfanya mtu asisahaulike.

Ya kwanza ni Porridge, iliyorushwa 1974 hadi 1977, waandishi Dick Clement na Ian La Frenais. Porridge ni uji, na kwa Kiingereza cha mtaani kula uji ni kutumikia kifungo, kama sisi tunavyosema jamaa anakula ugali wa bure. Barker ni Norman Stanley Fletcher, mwizi mzoefu aliyehukumiwa miaka mitano. Kila kipindi kinaanza na sauti ya jaji ikisoma hukumu huku milango ya chuma ikifungwa. Sauti ya jaji ni ya Barker mwenyewe.

Fletcher hatoroki, hapigani na mtu. Anachotafuta ni ushindi mdogo wa kila siku: kopo la mananasi, sigara, dakika kumi za kuachwa peke yake. Anashirikiana selo na kijana Lennie Godber, kifungo chake cha kwanza, aliyeigizwa na Richard Beckinsale. Kuna kipindi kizima ambacho karibu chote kinatokea ndani ya selo usiku mmoja, taa zimezimwa, kijana hawezi kulala, mzee anamkejeli ili asilie. Hakuna kinachotokea. Ni sauti mbili tu gizani. Nimekitazama mara tano na sioni namna ya kukiboresha.

Beckinsale alifariki Machi 1979 kwa ugonjwa wa moyo, ana miaka 31.

Ya pili ni Open All Hours ya Roy Clarke: Arkwright, muuza duka bahili wa kaskazini mwa Uingereza, na mpwa wake Granville, aliyeigizwa na David Jason. Duka linafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Droo ya pesa ya Arkwright ina springi kali, kila anapoitia mkono lazima autoe haraka kabla haijambana vidole. Mimi na droo yangu tunamwelewa vizuri. David Jason, ambaye baadaye alikuja kuwa mkubwa sana kwenye televisheni ya Uingereza, alimwita Barker bosi mpaka mwisho, na amesema wazi kwamba alijifunza kazi kwake.

#11 Mama Neema

Kaka Mpini, nimeenda kutafuta hiyo ya duka. Arkwright ana kigugumizi na watu wanacheka. Mwanangu wa miaka tisa ana kigugumizi. Shuleni wanamwigiza mpaka anarudi nyumbani hataki kula. Unamsifu mtu aliyewapa watu kicheko kwa ajili ya hilo?

#12 Mpini wa Jembe

Dada, pole sana, na asante kwa kusema.

Nitakueleza ninachokijua. Kigugumizi hakikuwemo kwenye mswada wa Roy Clarke, Barker ndiye aliyekiongeza. Alikichukua kwa mwigizaji mwenzake wa zamani, Glenn Melvyn, ambaye alikuwa akikitumia jukwaani. Wapo Waingereza wengi waliomlalamikia kwa hilo, na bado wanalalamika. Ndani ya hadithi Arkwright ndiye mwenye akili kuliko wote mtaani, hakuna mteja anayetoka dukani kwake amemshinda, na mara nyingi anakitumia kigugumizi kuvuta muda mpaka mteja anunue kitu ambacho hakukijia. Kwa hiyo hachekwi kama mjinga.

Lakini mtoto wa miaka tisa hapambanui hayo, wala watoto wanaomwigiza hawapambanui. Mimi kazi ya Barker naipenda sana, na hapo naona alichukua njia rahisi. Mtu aliyeweza kupima silabi moja moja hakuhitaji kigugumizi cha mtu mwingine. Sitakwambia umwoneshe mwanao. Mpe salamu zangu, na akipita Morogoro aje dukani, nina muda wa kumsikiliza mpaka amalize sentensi yake.

#13 Mama Neema

Asante kaka. Nimeridhika na jibu lako. Nitaendelea kusoma.

#14 Mluguru Ughaibuni

Wakuu, mimi niko Aylesbury mwaka wa nne, nafanya kazi ya kutunza wazee. Sikuamini nilipoona jina la mji huu kwenye uzi wa Kiswahili. Karibu na ukumbi wa maonyesho wa hapa kuna sanamu ya shaba ya Ronnie Barker akiwa katika umbo la Fletcher. Ilizinduliwa mwaka 2010, na waliokuja kuizindua ni mjane wake Joy, Ronnie Corbett na David Jason. Huwa naipita nikienda kazini alfajiri. Bibi mmoja ninayemhudumia anasahau majina ya watoto wake, lakini Jumamosi iliyopita nilimwekea The Two Ronnies na ilipofika mwisho akaagana pamoja nao, neno kwa neno, bila kukosea.

#15 Mpini wa Jembe

Mluguru, umenifurahisha kupita kiasi. Tafadhali piga picha ya sanamu utuwekee.

Nimalizie. Mwaka 1988 Barker alitoa tamthilia ya mwisho, Clarence, ya mbeba mizigo asiyeona vizuri. Aliiandika mwenyewe, kwa jina jingine tena: Bob Ferris. Baada ya hapo akaacha kazi. Ana miaka 58, yuko juu kuliko wote. Hakufanya maonyesho ya kuaga, hakuzunguka kwenye vipindi vya mahojiano. Alikuwa na hofu ya moyo wake, na alisema visima vya mawazo vimepungua maji. Peter Hall, yuleyule aliyempeleka London, alimtaka aigize Falstaff wa Shakespeare, nafasi ambayo mwigizaji mnene wa Uingereza anaiota maisha yote. Akakataa.

Akafungua duka. Ndiyo wakuu, duka! La vitu vya kale, mjini Chipping Norton, Oxfordshire, yeye na Joy, wakaliendesha karibu miaka kumi. Alikuwa mkusanyaji tangu zamani, alikuwa na postikadi za kale zaidi ya 53,000. Watu waliingia wakijifanya wanatafuta kikombe, kumbe wanataka kumwona Fletcher akifunga bidhaa kwenye gazeti.

#16 Chalii wa Ngarenaro

Mkuu mimi nakupinga kidogo. Kipaji ni amana. Mtu ana miaka 58, akili inachemka, nchi nzima inamtaka, anaenda kuuza vikombe? Hapo naona aliwadhulumu watu.

#17 Mpini wa Jembe

Chalii, nimekuelewa, na hata mzee wa benchi ana mawazo kama yako. Mimi siafikiani. Mwaka 1996 alifanyiwa upasuaji wa moyo, mwaka uliofuata damu iliganda mapafuni akaponea chupuchupu. Hofu yake haikuwa ya kuwaza tu. Na mtu ambaye tangu mwanzo alitaka kazi yake isipite kwa ajili ya jina, angewezaje kuendelea siku ambayo jina ndilo lililobaki likifanya kazi? Wakati wa Wiley alijikinga na sifa asizostahili. Alipostaafu alifanya jambo lilelile.

Alirudi mara chache. Mwaka 2002 aliigiza mtumishi wa Winston Churchill katika filamu ya The Gathering Storm, nafasi ndogo, na macho yake pale yana huzuni ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye vichekesho. Mwaka 2005 yeye na Corbett walikaa tena kwenye meza yao kutambulisha vichekesho vyao vya zamani. Amekonda, sauti imeshuka.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2005, moyo, umri miaka 76.

Mwezi Machi 2006 ilifanyika ibada ya kumkumbuka katika kanisa la Westminster Abbey, wanakotawazwa wafalme, watu karibu 2,000. Kwa desturi msalaba ukiingia hufuatana na mishumaa miwili. Siku ile iliingia minne.

#18 Kasuku wa Mji wa Kale

Subhanallah. Minne.

#19 Mluguru Ughaibuni

Na Corbett alipofariki mwaka 2016, kwenye mazishi yake nako iliwekwa mishumaa minne. Hapa kila mtu alielewa bila kuelezwa.

#20 Kalamu ya Kinondoni

Mkuu Mpini, leo nimepeleka mswada mpya. Ukurasa wa kwanza nimeacha jina wazi, nimeandika namba ya simu tu. Nianzie wapi kumtazama huyu mzee?

#21 Mpini wa Jembe

Ndugu yangu Kalamu, nakuombea. Anza na kile cha selo usiku, msimu wa kwanza wa Porridge, kinaitwa A Night In. Usikiangalie ukiwa na kelele pembeni. Zima taa, weka sauti, sikiliza jinsi wanavyokaa kimya katikati ya sentensi. Kisha uje hapa utuambie, nami nitakuwa nimeshamaliza kuhesabu misumari.